Pipa la Msikiti wa Mgwashi

Mgwashi, 11 Februari 2023

Kwa mwanangu Twaha,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mvua imechelewa ila viazi vimeshika. Dada yako Zakia alitaka kuniandikia barua hii nikamkatalia. Kilichoharibiwa na msumeno wa kiwanda cha mbao cha Magamba ni masikio tu, macho na mkono bado ninavyo. Na adhana naadhini mimi, ingawa Zakia anasema siku hizi nawaamsha mpaka watu wa Bumbuli.

Nina shida, wala si yangu peke yangu. Tangi la plastiki la msikiti limepasuka. Tunatia udhu kwa ndoo na kopo, wazee wazima tunasukumana pale utadhani watoto wa shule. Ijumaa iliyopita Shehe Ismaili aliuliza nani ana wazo, nikasimama. Nikawaambia mwanangu yuko Marekani, kazi yake ni kutengeneza mapipa ya maji, mapipa ya mbao ngumu isiyooza, na kwamba hatashindwa kuupatia msikiti wa kwao pipa moja. Waliitikia takbira hata mimi nikaisikia.

Kwa hiyo usiniangushe. Nimepasua mbao maisha yangu yote na sijawahi kutengeneza chombo cha kushika maji, kwa hiyo nataka nilikague kwa vidole vyangu. Unaikumbuka ile meza uliyoniundia ukiwa darasa la saba, panya akawa anapita kwenye maungio? Nataka nione kama umeacha tabia hiyo.

Baba yako,
Yassin

&nbsp;

Kentucky, 8 Machi 2023

Dada Zakia,

Shikamoo. Barua ya Baba nimeisoma mara moja nikaifungia kwenye droo, na kila nikipita pale nageuza uso.

Dada, hili ulilianzisha wewe. Siku ile nilipopiga simu kukwambia nimepata kazi kwenye kiwanda cha mapipa ya wiski, nyumba ilikuwa imejaa watu wa maulidi. Baba akauliza ninasema nini, nawe ukamwinamia sikioni ukapaza sauti, "Mapipa ya maji." Nilicheka sana. Niliona umeniokoa. Miaka minne nimekuwa nikituma picha nimesimama mbele ya mapipa bila kuandika hata neno moja chini yake, nikijua utalisema wewe.

Sasa Baba amesimama mbele ya msikiti mzima. Mwambie kiwanda hakitoi mapipa nje ya nchi. Au mwambie kweli. Wewe uko naye karibu, mimi nikitaka kumwandikia neno hilo mkono unakataa.

Mdogo wako,
Twaha

&nbsp;

Mgwashi, 5 Aprili 2023

Twaha,

Marahaba. Ndiyo, nilisema maji. Ulitaka niseme nini, na mke wa Shehe amekaa mbele yangu na sahani ya pilau? Nilidhani utakaa hapo mwezi mmoja, utafute kazi nyingine, yaishe. Hukutafuta. Basi tugawane mzigo, usinitwishe gunia zima peke yangu.

Kumwambia nimejaribu. Nilimfuata nyuma ya msikiti nikamkuta anajenga jukwaa la mawe la kuwekea pipa. Amepiga magoti kwenye tope, na magoti yenyewe unayajua. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza jukwaa liwe na kimo gani ili Mzee Mussa asilazimike kuinama. Nikamwonyesha kwa mkono, nikarudi nyumbani.

Fikiri hivi. Pipa jipya, ambalo halijatiwa tone la kitu, ni mbao na vyuma tu. Lina dhambi gani? Tuma jipya. Jipya, Twaha. Kisha tunyamaze, tufe nalo.

Dada yako,
Zakia

&nbsp;

Kentucky, 27 Mei 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Pipa limeondoka. Mtanzania mwenzetu anayesafirisha magari amelipatia nafasi kwenye kontena lake, litashukia Tanga, na Zakia atapigiwa simu.

Mbao yake ni ya mti unaoitwa mwaloni. Ni mzito na mishipa yake imenyooka. Mbao hukunjwa kwa mvuke, hubanwa kwa pete za chuma, na ndani huchomwa moto mpaka ziwe nyeusi, kwa hiyo usishangae ukiuona weusi huo. Nimelisafisha mwenyewe kwa maji ya moto siku nyingi, naamini litawafaa.

Panya hatapita, Baba. Hata unywele haupiti.

Siku hizi wamenihamisha, sishiki nyundo tena. Natembeza wageni wanaokuja kuona kiwanda na kuwaeleza historia yake. Uniombee.

Mwanao,
Twaha

&nbsp;

Mgwashi, 9 Septemba 2023

Mwanangu Twaha,

Assalaam alaykum. Alhamdulillahi, limefika. Fuso lililopeleka kabichi Tanga ndilo lililolipandisha huku, na kutoka barabarani tulilibiringisha wenyewe. Kijana mmoja alilisukuma kwa mguu nikamkemea.

Watu waliuliza kwa nini ndani ni jeusi. Nikawajibu, kwani wafugaji wetu Wambugu hawafukizi kibuyu kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa? Ni usafi huo. Wakauliza kwa nini linanukia. Nikawaambia mti wetu wa mkulo nao hunukia, mbao nzuri ina harufu yake, na huu ndio mkulo wa Wamarekani. Basi maji yanatoka pale na harufu tamu, kama sukari iliyoanza kuungua sufuriani, na watoto wa madrasa wakishatawadha wananusa viganja. Mzee Mussa anasema hajawahi kutia udhu wa kupendeza namna hii. Shehe amekuombea dua kwa jina lako na langu, na watu wakaitikia amina.

Baada ya alasiri walipoondoka nilibaki pale peke yangu, nikapitisha vidole kwenye maungio. Hakuna msumari, hakuna gundi. Nililia, mwanangu. Zakia alipotokea nikasingizia vumbi.

Baba yako,
Yassin

&nbsp;

Mgwashi, 10 Septemba 2023

Twaha,

Hupokei simu, kwa hiyo naandika. Baba amenionyesha barua yako ya mwezi wa tano, anaionyesha kila mtu. Umesema ulilisafisha siku nyingi kwa maji ya moto. Pipa jipya linasafishwa nini?

Zakia

&nbsp;

Kentucky, 2 Oktoba 2023

Dada Zakia,

Shikamoo. Si jipya. Mapipa mapya yote yana mwenyewe tangu yakiwa mbao, sisi wafanyakazi hatupewi. Tunaruhusiwa yaliyokwisha kutumika, ambayo watu hapa huyakata katikati wakapanda maua. Lile lilikaa na wiski miaka sita. Nililisuuza, nikalianika, nikalinusa, nikajiambia limekwisha. Nilijidanganya, maana mbao ikishakunywa kitu, ukiijaza maji inakitoa kidogo kidogo. Hayo nayajua vizuri kuliko mtu yeyote huko kwetu.

Harufu anayoisema Baba naijua pia, ndiyo inayonilipa mshahara. Wiski hii wanaiita bourbon. Nasimama mbele ya wageni na glasi ndogo, nawafundisha kuinusa mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha kuweka tone ulimini na kulizungusha kama wanalitafuna. Nawaambia watafute vanila, sukari iliyoungua, moshi, na mwishoni mahindi. Ni mahindi, Dada, yaleyale tunayopanda sisi bondeni. Wageni wakisita naonja kwanza mimi ili wapate moyo. Mwanzoni nilikuwa natema kwenye ndoo. Siku hizi kuna siku sitemi.

Kisha nawatembeza kwenye maghala na kuwapa historia. Kwamba pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima, miaka mia na zaidi iliyopita, majengo haya yalifungwa na popo wakahamia. Kwamba ile wiski inayopotea hewani kutoka kwenye mapipa, wenyeji huiita fungu la malaika. Hapo wageni hucheka kila mara, nami mtoto wa muadhini hucheka nao. Ukutani kuna picha za wenye kiwanda, babu, mwana na mjukuu. Waliokuwa wakitengeneza mapipa hapo mwanzo walikuwa watumwa, watu weusi kama mimi, na jina la hata mmoja halipo. Meneja aliniambia sehemu hiyo nikiieleza mimi inawagusa wageni zaidi. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoona aibu kwa kumshukuru.

Dada, nakuomba, liondoe. Chukua nyundo ya Baba, legeza pete ya chini, maji yatajimwaga yenyewe. Sema limevuja.

Twaha

&nbsp;

Mgwashi, 16 Desemba 2023

Kwa Twaha,

Assalaam alaykum. Nitakueleza yaliyotokea kama yalivyotokea, nisizidishe wala nisipunguze.

Kuna mtu wa Songea anaitwa Bartholomeo, anachuma chai, anakaa kambi ya wafanyakazi. Kabla ya kuja huku alihudumu kwenye baa ya hoteli moja Lushoto. Alhamisi moja, wiki mbili zilizopita, alipita kuomba maji ya kunywa. Nikampa kopo. Alipolikaribia pipa akasimama, akaniamkia tena, akaniuliza kwa adabu kabisa pipa hili tumelitoa wapi, mbona lina harufu ya wiski. Nilimwambia yeye ni mlevi, na mlevi hunusa pombe hata kwenye maji ya msikiti. Niliyasema kwa hii sauti yangu nisiyoijua ukubwa wake. Watu waliokuwa njiani walisimama. Akarudisha kopo, akaenda zake bila kunywa.

Nilipogeuka nikamwona Zakia nyuma ya ukuta. Alikuwa na nyundo yangu, ameifunika kwa kanga. Nikamuuliza, "Ni kweli?" Hakuwa na haja ya kunipigia kelele, nilisoma midomo.

Maji niliyamwaga mwenyewe. Ijumaa nikasimama palepale niliposimama mwanzo, nikawaambia lile ni pipa la pombe. Shehe amesema asiyejua hana lawama, na anayetaka kuutuliza moyo wake azilipe sala alizosali kwa udhu ule. Wengine wanalipa, wengine hawalipi. Mimi nalipa zangu kila baada ya sala ya wakati, na Mzee Mussa ninamwona kwenye nguzo ya pili akilipa zake, kaishika ili asimame. Zake siwezi kumlipia. Ningeweza, ningelipa. Adhana nimemwachia kijana Hamisi.

Kisha nilikwenda kambini kwa Bartholomeo. Nilimkuta na mkewe, Dorothea, wanapukuchua maharage. Nikamwomba radhi mbele ya mkewe, kwa kuwa nilimtukana mbele za watu. Alinipa kiti, Dorothea akaniletea maji ya kunywa. Nikayanywa. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Babu yako alikunywa boha, pombe ya miwa, mpaka alipozeeka, na kibuyu chake hakukificha. Kwa hiyo usidhani nimezimia kwa kusikia neno pombe. Riziki yako utaulizwa wewe. Kinachoniuma ni kwamba mlijua, wawili ninyi, mkaniacha nijenge lile jukwaa.

Jambo moja tu limenifariji. Pipa sikulichoma. Nililifungua ubao kwa ubao, na kila ubao ulikuwa umekaa kwa mwenzake kana kwamba ndipo ulipoota. Mimi ni mtu wa mbao, siwezi kukiita kibaya kitu kama kile. Ubao mmoja nimeukwangua, nimeuosha, nimeuweka juu ya mlango wa chumba changu. Pombe ni ya wenyewe, ila mkono ni wa mwanangu. Hilo nimelishika.

Sasa watu wananiuliza mwanao anafanya kazi gani. Sina la kuwajibu, maana lile nililowajibu mwanzo halikuwa langu. Andika wewe mwenyewe. Nitawasomea.

Yassin

&nbsp;

Kentucky, 13 Januari 2024

Kwa Baba yangu, na kwa waumini wa msikiti wa Mgwashi,

Assalaam alaykum. Mimi ni Twaha bin Yassin. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha wiski. Mwanzo nilikuwa kwenye karakana ya mapipa, sasa natembeza wageni na kuwaonjesha. Mimi mwenyewe naonja, na si kila mara natema.

Pipa nililowaletea lilikuwa limekaa na wiski na nilijua. Baba hakujua. Aliwaambia alichoambiwa. Dada yangu alisema neno moja la kunisitiri siku moja, mimi nikalikalia miaka. Shehe Ismaili, uliniombea dua ambayo sikustahili. Mzee Mussa, naomba radhi kwa magoti yako. Watoto wa madrasa, naomba radhi. Bartholomeo, ulisema kweli ukatukanwa kwa ajili yangu.

Baba, kuna jingine. Nilitaka kulinyamazia, kwa kuwa umesema ndilo lililokufariji, na barua hii nimeshaiandika bila hilo nikaichana. Lile pipa sikulitengeneza mimi. Lilijazwa wiski kabla sijafika nchi hii. Niliuliza kwa wazee wa karakana ni kazi ya nani, hakuna aliyekumbuka. Uliponiandikia kwamba umepitisha vidole ukalia, nilipaswa kukwambia siku ileile. Sikukwambia kwa sababu nilipenda kusifiwa nawe.

Ninayoyatengeneza mimi yanavuja. Ndiyo maana walinitoa karakana wakanipa wageni. Panya bado anapita, Baba.

Mwanao,
Twaha

&nbsp;

Mgwashi, 18 Februari 2024

Twaha,

Baba ameisoma. Nilijitolea kumsomea akakataa, Shehe naye akajitolea akamkatalia. Aliifungua kwa mara ya kwanza mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akaisoma kwa ile sauti yake ya adhana, maana nyingine hana. Wanawake tuliisikia upande wetu. Wachuma chai waliisikia mashambani wakaacha kuchuma. Bartholomeo alikuwa ng'ambo ya barabara, aliposikia jina lake akavua kofia. Nilipotajwa mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alipofika kwenye habari ya kutolitengeneza aliishusha karatasi. Nilidhani ataikunja. Akakohoa, akairudia sentensi ile tangu mwanzo, kisha akaendelea. Ya panya nayo aliisoma. Mzee Mussa alicheka, akajikumbuka, akaziba mdomo kwa kiganja.

Tulipofika nyumbani nilichukua kigoda na nyundo nikamuuliza kama niubandue ule ubao wa mlangoni.

"Uache," alisema. "Aliyeuchonga naye ni mtoto wa mtu."

Kuhusu wewe hakusema neno siku ile, wala wiki ile. Jana tunachagua mbegu za viazi ndipo aliponiambia nikuandikie uje. Nikamuuliza uje na nini kwa ajili ya msikiti, maana mpaka leo watu wanatawadha kwa ndoo. Nikarudia, nikidhani hakusikia. Alikuwa amesikia. Akasema uje mikono mitupu.

Dada yako,
Zakia